Kona ya Tatu

Turubai lilikuwa limelala juu ya gari lile miaka mitatu. Tochi alipolivuta, lilishuka na majani makavu, maji yaliyooza na mjusi mmoja aliyekimbilia ukutani kama mpangaji aliyetolewa vyombo nje.

"Umelifunua?" aliuliza baba yake, ingawa alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo.

"Nimelifunua, Baba."

"Rangi yake bado ipo?"

Kutu ilikuwa imeila milango kuanzia chini, na rangi ya samawati iliyosalia ilibanduka kama gamba la kidonda.

"Ipo," alisema Tochi.

Mtaa mzima ulimwita baba yake Fundi, na bado ulimwita hivyo ijapokuwa mtoto wa jicho alikuwa amemvamia macho yote mawili na kumwachia mwanga na vivuli tu. Aliweza kujua kama mlango uko wazi, lakini si nani aliyesimama mlangoni. Tochi alikuwa kitinda mimba wake. Jina hilo alilipata akiwa na miaka sita, kwa sababu kazi yake gereji ilikuwa kumshikia baba tochi na kumwangazia penye giza chini ya boneti. Sasa alikuwa amerudi nyumbani na cheti cha ualimu wa fizikia, akisubiri kupangiwa shule, na kazi yake ilikuwa ile ile ya zamani, ila tochi haikumfaa baba tena. Ilibidi amwambie kwa mdomo kila alichokiona.

Jumamosi angekuja mnunuzi, mtu anayekodisha magari ya zamani kwa maharusi. Picha alishaziona. Alitaka tu kuisikia injini ikinguruma na kuliona gari likisimama linapoambiwa lisimame.

"Likishaondoka hapa uani," alisema Fundi, "labda na mama yako atapumua."

Zaidi ya hapo hakuna aliyekuwa akisema kitu katika nyumba hiyo. Miaka mitatu nyuma, asubuhi ya siku ya kliniki, mama yake Tochi alimpakia mama mkwe wake kwenye gari hilo na kuondoka naye. Njia ya kliniki inashuka mteremko mrefu wenye kona tatu. Kona ya kwanza, breki ilishika vizuri. Ya pili, pedeli ilikuwa ngumu. Ya tatu, ilikuwa gogo. Mama alikanyaga kwa mguu wote, akanyanyuka kitini, akavuta na breki ya mkono, na gari likaenda kuuparamia ukuta wa mawe. Yeye alitoka na mkono uliovunjika. Bibi hakutoka hai.

Gari lilivutwa mpaka hapa uani, na mkaguzi akaja na faili lake. Mafuta ya breki yalikuwa yamejaa. Brekipedi zilikuwa mpya. Fundi, ambaye wakati ule alikuwa bado anaona, aliwasha injini mwenyewe. Mkaguzi akaketi, akakanyaga breki, ikashuka laini kama kidole kwenye siagi. "Breki hizi nilizifunga kwa mikono yangu miwili," Fundi alisema huku machozi yakimtoka. Hakusema kwa ubaya. Alisema alichokijua. Mkaguzi akaandika kwamba dereva alipatwa na woga akakosea, akaenda zake.

Fundi hakumlaumu mke wake hata siku moja. Hakuwa na haja. Sentensi ile moja ilitosha ukoo mzima.

"Anza kwenye busta," alisema sasa, akiegemea bampa la mbele la gari lililokunjamana. Boneti ilikuwa wazi. "Lile dude jeusi la mviringo, kama masufuria mawili yaliyofunikana. Liko nyuma kabisa, upande wa dereva."

"Naliona."

"Ndilo linalousaidia mguu. Bila hilo unasimamisha gari kwa nguvu zako mwenyewe, na hili si la kusimamishwa na nguvu za binadamu. Mpira mnene unatoka hapo."

"Umetoka. Una valvu ya plastiki yenye mshale. Mshale unaelekea injini."

"Vyema. Pumzi inatoka tu, hairudi. Ufuate huo mpira, usiuache hata mahali pamoja. Macho ya fundi hayaruki."

Tochi aliufuata kwa kidole. Mpira ulipita juu ya gurudumu, ukajificha nyuma ya betri, ukashikizwa na kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa fundo. Kisha ukafika usawa wa injini, mahali ulipopaswa kushuka chini na kuingia kwenye manifoldi, lile bomba nene ambamo mitungi yote ya injini huvutia pumzi yake. Haukushuka. Uliunganishwa na kijibomba chembamba cha shaba, na hicho kikapanda juu mpaka ubavuni mwa kabureta, kwenye tundu dogo. Kwenye manifoldi, pale ambapo ungekaa mdomo wa kupokelea mpira, palikuwa na bolti. Utepe mweupe wa kuzuia upepo ulichungulia kwenye nyuzi zake.

"Umefika?" aliuliza Fundi.

Tochi aliinama zaidi. Ndani ya kabureta, injini inapochanganyia petroli na hewa, kuna kibati cha mviringo ambacho mafundi hukiita kipepeo. Ukikanyaga mafuta, kipepeo hufunguka. Ukiachia, hujifunga, na injini hubaki ikivuta pumzi kwa nguvu chini yake kama mtu aliyezibwa pua. Mpira wa busta unatakiwa uwe chini ya kipepeo, penye mvuto siku zote. Tundu lile lilikuwa juu yake. Huko mvuto hupatikana mguu ukiwa kwenye mafuta tu. Na nani hushika breki huku mguu uko kwenye mafuta?

Valvu huiwekea busta akiba kidogo, aliwaza. Ya kukanyaga mara moja. Labda mara mbili.

Kona ya kwanza. Kona ya pili.

"Tochi. Mpira umeingia manifoldi?"

"Ndiyo, Baba," alisema. "Umeingia manifoldi."

Chumbani, mama yake alikuwa akizungusha cherehani ya mkono. Ndiyo aliyoitumia tangu ajali. Ile ya kukanyaga, iliyomlisha yeye na watoto wake miaka ishirini, ilikuwa kwenye pembe chini ya shuka, na juu ya shuka alipanga vitambaa vya watu ili ionekane ni meza.

"Mama, kwa nini huitumii ile? Hii inakuchosha bega."

"Bega langu nalijua." Alikata uzi kwa meno. "Mguu wangu ndio siujui."

"Lakini si ulikanyaga breki? Si umesema siku zote?"

Mama alinyoosha pindo la gauni kwa kiganja, akalinyoosha tena pale pale. "Mwaka wa kwanza nilikuwa na hakika. Mwaka wa pili nikawa naota nimekanyaga mafuta. Sasa ukiniuliza, mwanangu, sina jibu. Watu wengi hawawezi kukosea wote, mimi peke yangu nikawa sawa."

Mlango uligongwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo ilikuwa namna ya Shangazi ya kubisha hodi. Alikuwa dada mkubwa wa Fundi. Alikuja kuchukua gauni lake.

"Naona gari limevuliwa nguo," alisema, akijipima gauni kifuani. "Wifi, unalitoa ukalitembeze tena?"

"Linauzwa, Shangazi," alisema Tochi.

"Afadhali. Lipate dereva." Akacheka kidogo, akaliona gauni limemkaa vizuri, akawa na hasira nalo. "Kushona unajua, Wifi, siwezi kusema uongo. Kila mtu na kipaji chake. Hivi ile breki yako ilikuwaje? Kwanza laini, halafu ngumu, halafu gogo. Breki yenye hasira ya kupanda ngazi!"

Mama hakuinua uso. "Pindo nimeliachia nafasi," alisema, "ukinenepa utalishusha."

Shangazi alipoondoka, Tochi alibaki amesimama katikati ya chumba, maneno yamemjaa kinywani kama maji ya moto: hawezi kuyameza, hawezi kuyatema. Akiyasema, mama anainuka na baba anaanguka. Mzee kipofu aliyemzika mama yake ataambiwa kwamba ni yeye aliyemuua, na tena kwa kazi ya mikono yake, ambayo ndiyo tu aliyobaki nayo. Akinyamaza, mama ataendelea kuzungusha lile gurudumu kwa mkono mpaka siku ya kufa.

Usiku huo alikata shauri, na lilikuwa shauri la kitoto: ataurudisha mpira mahali pake kimya kimya. Maharusi wa watu watakuwa salama. Baba hatajua. Na mama... Kwa mama shauri lilikwama, akalala nalo hivyo hivyo.

Asubuhi aling'oa mdomo wa shaba kwenye injini mfu iliyokuwa imelala kando ya ukuta, akausafisha kwa petroli. Akaishika bolti kwa spana. Ilikuwa imekaza. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, ikalia "ti!", ikaanza kulegea. Alikuwa ndiyo kwanza ameitia kiganjani aliposikia fimbo ya baba ikigonga saruji.

"Umekuwa kimya mno," alisema Fundi. "Fundi asiyeitukana bolti ana jambo lake. Unafanya nini?"

"Nasafisha kabureta."

"Kwa spana ya kumi na saba?"

Fundi aliitundika fimbo kwenye kioo cha pembeni, akaingiza mikono chini ya boneti. Mikono ile haikuwa na shaka kama miguu yake. Ilishuka kwenye busta, ikaufuata mpira, ikapita nyuma ya betri, ikaligusa fundo la tyubu ya baiskeli na kusita hapo, kama mtu anayekutana na mwandiko wake mwenyewe. Ikaendelea. Ikakuta kijibomba cha shaba. Ikapanda. Halafu ikashuka kwenye manifoldi, na kidole kikazama katika tundu lililo wazi.

"Nipe," alisema, akinyoosha kiganja.

Tochi akampa bolti. Fundi aliviringisha utepe kati ya vidole. "Mizunguko mitatu," alisema. "Wengine hufunga miwili. Mimi hufunga mitatu."

"Baba..."

"Jana uliniambia umeingia manifoldi."

"Ndiyo."

"Na rangi?"

"Imekwisha, Baba. Imekwisha yote."

Fundi alitikisa kichwa taratibu. Kisha akaanza kusema, na Tochi akaona kwamba hakuwa akimwambia yeye. "Mdomo wa shaba ulinikatikia mkononi asubuhi ile. Nilikuwa naukaza tu, naupima kama uko sawa. Maduka ya vipuri hayajafunguliwa. Mama yangu alikuwa ameshavaa, amekaa pale kwenye benchi na mkoba mapajani, ananiuliza kila dakika, 'Bado?' Unajua alivyokuwa. Nikaziba kwa bolti, nikachukua mvuto kwenye kabureta. Nikasema ni kwa muda tu, jioni nitatengeneza. Mvuto si ni mvuto? Nikajaribu. Ikashika vizuri. Kwa msiba nikaisahau kabisa. Tochi, ilishika vizuri!"

"Ulijaribu ukiwa umekanyaga mafuta."

"Ilikuwa lazima. Injini ilikuwa mbovu kwenye silensa. Ukiiacha kwenye hiyo silensa, ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta, inazimika." Aligeuza bolti kiganjani. "Nieleze. Kama unavyowaeleza wanafunzi."

Tochi alimweleza. Aliushika mkono wa baba, akaukunja ngumi iwe kabureta, kidole gumba kiwe kipepeo, akamwonyesha juu na chini, akamwonyesha mguu unapoachia mafuta mahali mvuto unapobaki na mahali unapokatika. Alieleza polepole na kwa sauti ya upole, na katikati ya maelezo alitamani asingejua fizikia hata herufi moja.

"Na akiba ya busta?" aliuliza Fundi.

"Mara moja. Mara ya pili nusu."

"Mara ya tatu gogo." Alisema kwa sauti ya mke wake kabisa. Akakaa chini juu ya tairi kuukuu. "Na yule mkaguzi, mimi ndiye niliyemwambia: usiliache silensa, litazimika, weka mguu kwenye mafuta. Akafanya nilivyomwambia. Kila mtu alifanya nilivyomwambia."

Kuku wa jirani alipita chini ya gari, akatokea upande wa pili. Tochi alifungua kinywa kutafuta neno la kumfariji, maana aliamini bado kwamba kila jeraha lina neno lake mahali fulani.

"Rudisha," alisema Fundi.

"Nirudishe nini?"

"Ulivyokuta. Bolti mahali pake, mpira kwenye kabureta. Rekebisha silensa injini isizimike, weka mawe kwenye magurudumu. Halafu kamwite mama yako."

"Baba, tunaweza kumweleza tu."

"Ameelezwa miaka mitatu. Mguu wake ndio unaotaka kuambiwa."

Mama alikuja na uzi ukiwa bado shingoni. Alipoelewa kwamba anatakiwa akae kwenye usukani, alirudi nyuma hatua moja, akamshika Tochi mkono. "Siwezi. Mwambie baba yako siwezi."

"Niko hapa, nasikia," alisema Fundi. "Nakuomba. Haliendi popote. Nakuomba, Mama Tochi."

Labda ni lile neno. Fundi hakuwa mtu wa kuomba. Mama aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Injini ilikohoa, ikatoa moshi wa miaka mitatu, ikashika. Fundi alisimama dirishani, mkono mmoja juu ya paa.

"Kanyaga mafuta. Zaidi. Sasa achia, usiyaguse tena. Shika breki."

"Imeshika."

"Ikoje?"

"Laini."

"Achia. Shika tena."

Mama alikunja uso. "Hii... ina ukaidi."

"Achia. Tena."

Alikanyaga. Tochi, aliyekuwa upande wa pili, aliuona mguu wa mama yake ukinyooka, goti likitetemeka, mgongo ukinyanyuka kitini. Pedeli haikusogea hata unene wa kidole. Injini ilikuwa ikinguruma kwa utulivu, kana kwamba hayo hayakuihusu.

"Hivi," alisema Mama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ilikuwa hivi. Hii ndiyo kona ya tatu."

"Ulikanyaga," alisema Fundi. "Ulikanyaga mara zote tatu. Mpira niliufunga mahali sipo. Ni mimi, Mama Tochi. Si mguu wako."

Mama hakuuondoa mguu. Aliachia, akakanyaga tena, akaachia, akakanyaga, na kila mara ilikuwa gogo.

"Nilipokwambia pale hospitali kwamba pedeli ilikuwa gogo," alisema akitazama mbele, kwenye kioo kilichopasuka, "unakumbuka ulinijibu nini?"

"Nilinyamaza."

"Hukunyamaza. Ulisema pole. Ulinipa pole kama mtu mwenye homa." Alizima injini mwenyewe. "Miaka mitatu nalala kando yako, nauuliza mguu wangu: ulikwenda wapi? Ulikwenda wapi siku ile?"

"Najua."

"Hujui."

Alitoka, akafunga mlango wa gari kwa taratibu sana, akapita karibu na mume wake bila kumgusa, akaingia ndani. Fundi aligeuza uso kuufuata mlio wa ndara zake mpaka ukakatika.

Tochi aliung'oa tena mpira, akaufunga pale ulipostahili, na safari hii baba aliupitia kwa kidole kutoka busta mpaka manifoldi, mara mbili, bila kuruka. Bolti aliitia mfukoni mwake. Kisha akatoa simu.

"Nitafutie Shangazi yako."

"Baba, si lazima iwe leo."

"Kwa muda, kwa muda," alisema Fundi. "Hiyo 'kwa muda' ndiyo iliyotufikisha hapa. Nitafutie."

Simu iliita mara nyingi. Shangazi alipopokea, kelele za soko zilimwagika mpaka nje ya simu.

"Dada," alisema Fundi. "Kuhusu Mama. Breki hazikuwa nzima. Niliziharibu mimi asubuhi ile, kwa mkono wangu. Wifi yako hana kosa. Hajawahi kuwa nalo."

"Nini? Kuna kelele huku! Rudia, sikusikii!"

Fundi aliishusha simu kifuani. Tochi alidhani hataweza. Mdomo wake ulikuwa ukicheza kama wa mtoto anayejizuia kulia. Kisha akaipandisha tena, akavuta pumzi, na akasema yote upya, kwa sauti ya juu ambayo majirani waliisikia juu ya ukuta, na kuku wakaondoka. Safari ya pili haikuwa na kelele upande wa pili. Shangazi alikuwa amesikia. Hakukata simu.

Tochi aligeuka. Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Hakuwa akilia, wala uso wake haukuwa wa mtu aliyesamehe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaondoka.

Siku ile hakuna cherehani iliyolia ndani ya nyumba. Jua lilipopungua, Tochi alimpelekea mama yake chai, akamkuta amekaa kwenye kiti cha kona, karibu na ile meza isiyokuwa meza. Vitambaa vya watu vilikuwa vimehamishiwa kitandani. Shuka lilikuwa bado limefunika. Mama alikuwa amelitazama dirisha, mikono mapajani, na chini, peke yake juu ya saruji, mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga na kuachia, ukikanyaga na kuachia, taratibu, kama mgonjwa anayefundishwa kutembea.